Sataranji, Lugha na Mpita Njia Aliyechelewa



Katika kipindi kimoja cha wanaoanza tulikuwa tukifundisha vitenzi vya kuamuru. Tuliandika ubaoni orodha ya aina ile inayopatikana katika vitabu vingi vya kiada: fungua mlango, lete kiti, soma kitabu, panda gari. Darasa likawa linaitikia kwa sauti moja. Tulipofika kwenye "panda gari" vijana waliendelea kuitikia, lakini mwanafunzi mmoja mtu mzima, mwalimu wa shule aliyekuja kujiendeleza, alinyamaza. Baada ya kipindi alitufuata akasema kwa upole, "Mwalimu, mengine yote nitasema. Hilo la gari naomba uniachie."

Mkaazi wa Kampala wa rika lake hahitaji maelezo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, "panda gari" lilikuwa jina la misako ya wanajeshi. Mtaa ulizingirwa, watu wakaamriwa kupanda malori, na wako ambao hawakurudi nyumbani. Kamusi iliyokuwa mezani petu ilitupa maana ya kupanda na maana ya gari. Maana ile ya tatu haikuwamo.

Juma lile lile, katika kozi ya utangulizi wa isimu, tulikuwa tukieleza ulinganisho mashuhuri wa Ferdinand de Saussure kati ya lugha na mchezo wa sataranji, ambao wengi siku hizi huuita chesi. Miongoni mwa madai yake ni kwamba mtu anayefika mchezo ukiwa katikati hapungukiwi na kitu mbele ya yule aliyeutazama tangu mwanzo, kwa sababu ubao wote uko mbele ya macho yake. Tukajiuliza: je, yule mwanafunzi mtu mzima na vijana waliokaa kando yake walikuwa wakiutazama ubao mmoja? Ili kulijibu swali hili, hatuna budi kwanza kuangalia jinsi sataranji ilivyopata kuwa mfano wa maisha na wa fikra.

Safari ya jina

Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba mchezo huu ulianzia kaskazini mwa India, yapata karne ya 6. Jina lake la Kisanskriti lilikuwa chaturanga, maana yake "wenye viungo vinne", na viungo hivyo vilikuwa sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi walipoupokea waliuita chatrang. Waarabu, ambao lugha yao ya fasihi haina sauti "ch" wala "g" ya Kiajemi, waliuita shatranj. Jina lilipoingia katika Kiswahili likakutana na kanuni tunayoifundisha kila mwaka, ile ya silabi wazi. Irabu ikaingizwa kati ya "t" na "r", irabu nyingine ikaongezwa mwishoni, tukapata sataranji. Mwanafunzi anayetaka kuona utohozi ukifanya kazi hahitaji mfano bora zaidi.

Neno la Kiajemi la mfalme, shah, limesafiri kwa njia ndefu zaidi. Kwa njia ya Bahari ya Hindi lilitufikia likiwa "shaha", ambalo Waswahili hulitumia kwa mfalme wa sataranji na pia kwa bingwa wa watunga mashairi. Lakini neno hilo hilo lilipita kwa Waarabu hadi Ulaya. Wafaransa wa zamani walilitumia kumwonya mchezaji kwamba mfalme wake yuko hatarini, na Waingereza wakalichukua kutoka kwao. Maana yake ikapanuka kutoka kumzuia mfalme hadi kuzuia, kudhibiti na kukagua, na kutoka hapo hadi kwenye karatasi ya benki. Kwa hiyo mtu anayepeleka cheki benki, na kijana anayemwambia mwenzake "nitakucheki kesho", wote wawili wanamtaja mfalme wa Uajemi bila kujua. Jina "chesi" nalo limetoka katika ukoo huo huo. Mfalme mmoja ameingia nyumbani mwetu kwa mlango wa mbele na kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyegundua kwamba ni yeye yule.

Akili na bahati

Tangu zamani watu waliouandika mchezo huu hawakuuona kuwa mchezo tu. Kuna maandishi ya Kiajemi cha kale yanayosimulia jinsi mfalme mmoja wa India alivyompelekea Khosrow Anushirvan, aliyetawala Uajemi kati ya mwaka 531 na 579, ubao na kete zake bila maelezo, awe kama anatega kitendawili. Waziri Buzurgmihr akakitegua. Kisha naye akabuni mchezo wa nard, unaochezwa kwa kurusha dadu, akaupeleka India, na huko hakuna aliyeweza kuutegua. Hii ni hadithi, lakini imebeba wazo zito: kuna mchezo unaotegemea akili ya mchezaji na kuna mchezo unaotegemea namna dadu zitakavyoanguka. Je, maisha yanafanana na upi?

Swali hilo lilichukuliwa na wanafikra wa Kiislamu. Mwandishi mmoja aliyelihifadhi ni al-Masudi wa Baghdad, na jina lake si geni kwa wanaosoma historia ya pwani yetu. Mwaka 916 alisafiri baharini kati ya Oman na Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi hukidhania kuwa Pemba, na maelezo yake kuhusu nchi ya Wazanji ni kati ya ya kale kabisa tuliyo nayo. Katika kitabu hicho hicho, Muruj adh-dhahab, anataja rai ya wanafikra waliosema kwamba aliyebuni sataranji aliamini kuwa mwanadamu ana hiari katika matendo yake, na aliyebuni nard aliamini kuwa kila jambo limekwisha kadiriwa. Mjadala mgumu wa hiari na kadari ukawekwa juu ya mbao mbili ili hata asiye mwanachuoni aweze kuuona.

Hapa tunapata kazi ya kwanza ya sitiari ya sataranji: kuonyesha kwamba mtu anawajibika. Aliyeshindwa kwa dadu anaweza kuilaumu dadu. Aliyeshindwa katika sataranji hana wa kumlaumu, maana kila hatua aliichagua mwenyewe.

Kete zabadili sura

Mchezo ulipoingia Ulaya kupitia nchi za Waislamu, sitiari ilipata kazi ya pili. Yapata mwaka 1300 mtawa wa Italia, Jacobus de Cessolis, aliandika kitabu cha mawaidha kilichoifanya sataranji kuwa picha ya jamii nzima. Kila kete ilipewa cheo na wajibu wake. Hata vitunda, zile kete ndogo za mstari wa mbele, havikuachwa kuwa kundi lisilo na majina: kimoja kilikuwa mkulima, kingine mhunzi, kingine mfanyabiashara, kingine tabibu, kingine mwenye nyumba ya wageni. Funzo lilikuwa kwamba mfalme hawezi kusimama bila hao, na kwamba kila mtu abaki mahali pake. Kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa na William Caxton yapata mwaka 1474 ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa kupigwa chapa kwa Kiingereza.

Lakini kete zenyewe hazikubaki mahali pake. Kando ya mfalme, Waajemi na Waarabu walikuwa na waziri, aliyekwenda chumba kimoja tu kwa mshazari. Ulaya ilimgeuza waziri kuwa malkia, na kuelekea mwisho wa karne ya 15 malkia huyo alipewa uwezo wa kwenda popote kwa mstari ulionyooka au kwa mshazari. Kete iliyokuwa kati ya dhaifu kabisa ikawa yenye nguvu kuliko zote. Tembo naye aligeuka kila alipofika: kwa Waingereza akawa askofu, kwa Wafaransa akawa mchekeshaji wa mfalme, kwa Wajerumani akawa mkimbiaji, na kwa Warusi akabaki tembo. Gari la vita likawa ngome kwa wengine na mashua kwa Warusi. Kila watu waliingiza ulimwengu wao ubaoni. Kiswahili nacho, tunaposema "askofu" na "malkia", kinafuata njia ya Kiingereza, ingawa tunaposema "shaha" kinafuata ile ya Uajemi. Ubao wetu umebeba safari mbili kwa pamoja.

Kazi ya tatu ilielezwa vizuri na Mmarekani Benjamin Franklin katika makala aliyoichapisha mwaka 1786. Yeye hakujishughulisha na vyeo vya kete. Aliuliza mchezo unamfanya nini mchezaji, akataja mazoea manne: kuona mbele kabla ya kusogeza kete, kuutazama ubao mzima badala ya kona moja, kutofanya pupa, na kutokata tamaa mambo yanapokuwa mabaya. Kuanzia hapo sataranji haikuwa tena picha ya dunia tu, bali namna ya kufikiri.

Saussure na kete isiyo na maana peke yake

Ndipo tunapofika kwa Saussure. Mihadhara yake ya isimu ya jumla aliitoa Geneva kati ya mwaka 1907 na 1911. Alifariki mwaka 1913, na wenzake wakaichapa mwaka 1916 wakitegemea zaidi madaftari ya wanafunzi. Humo sataranji inarudi zaidi ya mara moja. Kwanza, anasema, kete za mti zikibadilishwa kwa za pembe za ndovu mchezo haubadiliki, lakini ukipunguza au kuongeza idadi ya kete umegusa kanuni zenyewe. Pili, farasi akipotea unaweza kuweka kitu chochote mahali pake, mradi wachezaji wakubaliane kwamba hicho ndicho farasi. Thamani ya kete inatokana na uhusiano wake na kete nyingine, na ndivyo lilivyo neno katika lugha.

Kwa wanafunzi wetu tumeona kwamba wazo hili linaeleweka upesi zaidi kwa omweso wa hapa Uganda au bao la Waswahili. Sataranji ina vyumba 64 na kete 32. Bao na omweso vina mashimo 32 na kete 64. Katika sataranji umbo la kete bado linaweza kukudanganya kwamba nguvu imo ndani yake. Katika bao kete zote ni mbegu za namna moja. Hakuna mfalme wala kitunda. Mbegu ina nguvu kwa sababu ya shimo ilimokaa, wingi wa zilizo pamoja nayo, na zilizo mkabala wake upande wa pili. Hapo mwanafunzi haulizi tena maana ya thamani inayotokana na mfumo.

Madai ya tatu ndiyo yaliyotusumbua: kwamba kuujua mchezo ulivyo sasa hakuhitaji kujua umefikaje hapo. Kwa sarufi, tunakubali. Mwanafunzi anaweza kutumia ngeli ya KI-VI bila kujua historia ya lugha za Kibantu, na anaweza kuandika cheki bila kumjua mfalme wa Uajemi. Mpita njia aliyechelewa haoni pungufu.

Lakini "panda gari"? Mpita njia anaona kitenzi na nomino, amri ya kawaida isiyo na kasoro. Aliyekuwepo tangu mwanzo anaona lori. Kwa msemaji huyo, ile hatua iliyopita bado imo ubaoni.

Hatua zilizopangwa

Saussure mwenyewe alikiri kwamba ulinganisho wake unachechemea mahali pamoja. Mchezaji wa sataranji anasogeza kete kwa makusudi, ilhali lugha haipangi mabadiliko yake. Kwa mabadiliko ya sauti na ya miundo, alikuwa sahihi. Lakini nafasi ya Kiswahili nchini Uganda imesogezwa kwa makusudi mara nyingi, na wachezaji wanajulikana.

Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga, akihofia nafasi ya Luganda na ya Baganda wenyewe. Mwaka 1952 Kiswahili kiliacha kutambuliwa kuwa lugha ya shule, isipokuwa kwa polisi na watoto wao. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, wakati ambapo raia wengi walikuwa wakikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukitumia kama lugha rasmi na kukifanya somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Tukiziangalia hatua hizi kwa mazoea manne ya Franklin, tunaona kwamba nyingi ziliangalia kona moja ya ubao. Kila aliyesogeza kete aliuliza lugha itamsaidia nani kutawala au itamnyang'anya nani nafasi yake. Ni wachache waliouliza itasikikaje masikioni mwa yule atakayetakiwa kuisema.

Hapa pia sitiari ya sataranji inafika mwisho wa uwezo wake. Katika mchezo chumba kimoja hakiingii kete mbili. Mmoja akiingia, mwingine ameliwa. Mjadala wa lugha nchini petu umeendeshwa mara nyingi kana kwamba ndivyo ilivyo kwa lugha nazo, kana kwamba Kiswahili kikiingia lazima Luganda, Kiacholi au Kinyankole kitoke. Kichwa cha mwanadamu hakina vyumba vya namna hiyo. Wengi wa wanafunzi wetu huja darasani tayari wana lugha tatu, na hatujaona hata mmoja aliyepoteza ya kwanza kwa sababu ya kujifunza ya nne.

Somo kutoka Katwe

Hata hivyo, hatusemi sitiari itupwe. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto wa Katwe, mtaa maskini wa Kampala. Mwaka 2005 akafika msichana aitwaye Phiona Mutesi, na mmoja wa waliomfundisha mwanzoni alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Urusi, na mwaka 2012 kule Istanbul yeye na Ivy Amoko wakawa Waganda wa kwanza wa kike kupata cheo cha kimataifa katika mchezo huo. Habari zake ziliandikiwa kitabu mwaka 2012 na kutengenezewa filamu mwaka 2016.

Magazeti yalipenda sana mfano wa kitunda kilichofika mwisho wa ubao kikawa malkia. Ni mfano mzuri, lakini kwetu walimu kuna jambo jingine muhimu zaidi. Mtoto anayejifunza sataranji hujizoeza, kabla ya kila hatua, kuuliza: mwenzangu, kutoka upande wake, anaona nini? Ubao ni mmoja, lakini upande wake haufanani na wangu. Hilo ndilo swali ambalo sisi, wenye shahada zetu za isimu, hatukujiuliza siku ile tulipoandika "panda gari".

Tulifanya nini baadaye? Hatukulifuta. Tulimwomba ruhusa yule mwanafunzi, na katika kipindi kilichofuata tulilisoma neno hilo kwa maswali mawili: leo linamaanisha nini, na limepitia wapi? Vijana walijibu la kwanza. La pili alilijibu yeye, kwa hiari yake. Alisimama akaeleza kwa muda wa kama dakika kumi, kwa Kiswahili chenye makosa ya upatanisho ambayo hatukuyasahihisha. Yalikuwa mazungumzo yake marefu ya kwanza katika lugha hii. Alipoketi, mwanafunzi wa kiti cha nyuma alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini nyanya yake huinuka na kuondoka sebuleni redio inapoanza taarifa ya habari kwa Kiswahili.

Tunawashauri walimu wenzetu wayatumie maswali hayo mawili pale yanapohitajika, hasa katika madarasa yenye watu wa rika mbalimbali. Swali la kwanza ni la mpita njia, nalo ni halali. Bila hilo hatuwezi kufundisha sarufi. Swali la pili ni la aliyekuwepo. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo bila shaka wana maneno yao ya Kiswahili yanayosikika tofauti kwa mzee na kwa kijana. Tunawaomba wasomaji watuandikie kuhusu maneno hayo, pamoja na maelezo mafupi ya yalikopitia, ili tuyatumie katika matoleo yajayo.